Idwal Agombea Nafasi ya Kusahau

Jumanne, saa moja na nusu usiku, na mvua ya Wales
inapiga kwa upande, kama mtu aliyekosewa adabu.
Ukumbi wa kanisa unanuka vumbi la hita
na makoti kumi na moja yanayokaukia vitini.

Nerys, mwongozaji, ana kalamu mbili nyweleni,
ya tatu ameisahau mdomoni.
"Mwaka huu ni vichekesho," asema.
"Mchezo juu ya kikundi kisichojua kuigiza.
Mlango unakwama. Ukuta unaanguka.
Maiti anapiga chafya.
Natafuta watu wa kuharibu, ila kwa mpango."

Tukatazamana.
Miaka kumi na tisa tumeharibu bila mpango,
bila malipo, na kwa moyo mmoja.

Gwenllian wa duka la dawa aliambiwa aanguke ngazini.
Alishuka kama bibi harusi, mkono ukutani,
akauliza ni nani anayepiga deki siku hizi.
Aled, fundi bomba, akalala chini akawa maiti,
akapiga chafya hata watu watatu wakamtakia afya.
Hakuna aliyecheka. Ana mafua tangu Krismasi.

Ndipo akasimama Idwal.

Idwal Pritchard, mpeleka barua mstaafu,
ajuaye namba ya kila nyumba bondeni kwetu
na asiyewahi kufika mwisho wa sentensi jukwaani.
Mimi ndiye mkumbushaji. Hukaa nyuma ya pazia,
kurunzi mkononi, kitabu magotini,
nikimtia maneno mdomoni
kama ufunguo kwenye kufuli lenye kutu.
Alipokuwa mfalme, nilimtajia hata jina la ufalme wake.
Alipokuwa mchumba, ni mimi niliyeposa.

Sasa anagombea nafasi ya mzee anayesahau maneno.
Nguo imekatwa kwa kipimo chake, nani ashindane naye?
Nikawasha kurunzi, mazoea yana tabu.

Akafungua mdomo.
Maneno yakatoka. Yote.
Moja nyuma ya jingine, kama barua za mtaa mmoja,
bila kuruka nyumba.
Palipoandikwa *anasahau*, hakusahau.
Palipoandikwa *kimya kirefu*, alipita mbio,
akayasema na ya mwenzake,
akasema na maelezo ya mlango.

Nerys akaitoa kalamu mdomoni.
"Idwal, mpenzi, hebu sahau."
"Najaribu!" Jasho lilimfika kwenye kola.
"Wiki mbili sijalala, najifunza pa kusahau.
Sasa kila nikifika pale, nakumbuka kuwa ndipo pale."

Kicheko kilianzia kwa Gwenllian, kikamkumba Aled,
kikazaa chafya, chafya ikazaa kicheko kingine,
hita nayo ikazimika yenyewe, kama vile imeandikiwa.
Idwal alisimama katikati, mikono imemning'inia,
asijue kama amefaulu au amefeli.
Akageukia pazia, upande wangu, kama siku zote.

Nami nilikuwa nimepotea. Kwa kucheka, kwa mshangao,
kurasa zimefungana, sijui tuko wapi.
Akaninong'onezea:
"Arobaini na mbili. Mstari wa tatu kutoka chini."

Sijui Nerys aliandika nini. Aliandika sana.

Tukarudi chini ya mwavuli mmoja, wake,
uliovunjika ubavu wangu mimi.
Maji yalikimbia mferejini, meusi kwa vumbi la machimbo.
Mbele ya namba kumi na nne, kwangu, akasimama.
"Mefin," akasema, "nilikuwa nataka ku..."

Akakwama.

Aliitazama taa ya barabarani. Akavitazama viatu vyake.
Midomo ikatafuta, ikaachia, ikatafuta tena.
Kurunzi bado ilikuwa inawaka mfukoni mwangu,
doa dogo la njano kwenye kitambaa.

Nililijua neno lile. Nalijua tangu mwaka wa uchumba.
Nikaingiza mkono mfukoni,
nikaizima.